Habari za Kazi ya Kuhudumu katika Ndege



Sisi watu wa Machame tumezoea kuziona ndege. Jioni kukiwa hakuna wingu, mtu akisimama mwisho wa kihamba chake, mahali migomba inapoachana kidogo, huziona taa zake zikishuka kuelekea uwanja wa KIA, huko chini uwandani kati ya Moshi na Arusha. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1971, kwa hiyo hata mimi niliye na miaka arobaini na kitu sikuijua kamwe nchi yetu bila ngurumo hiyo. Lakini kwa habari ya watu wafanyao kazi ndani ya ndege, twajua kidogo sana, na hicho kidogo twakisema vibaya. Nimesikia kwa masikio yangu mtu mzima, tena mwenye elimu, akisema barazani kwamba binti aendaye kazi hiyo ni sawa na mtumishi wa hoteli, ila hoteli yenyewe ina mabawa. Wengine husema maneno mabaya kuliko hayo, nami sitayaandika, kwa kuwa gazeti hili husomwa na watoto.

Naandika kwa sababu neno hili limeingia nyumbani mwetu. Binti wa dada yangu anafanya kazi hiyo tangu mwaka 2016. Sasa mdogo wake aliyemaliza kidato cha sita anataka kumfuata, na ukoo umegawanyika. Naliona yafaa niyaandike niliyoyasikia kwa mpwa wangu huyo na niliyoyasoma, maana najua si nyumba yetu peke yake yenye binti wa namna hii. Na wavulana pia wamo, ingawa watu husahau.

Kwanza yafaa kujua kazi hii ilianzaje. Mwaka 1930 muuguzi mmoja wa Marekani, jina lake Ellen Church, alikwenda kwa kampuni ya ndege akitaka kuwa rubani. Hawakumkubalia. Ndipo akawaambia kwamba watu wanaogopa kusafiri angani, na ya kuwa wakimwona muuguzi ndani ya ndege watapata moyo. Hilo wakalikubali, na mwezi wa Mei mwaka ule akaanza yeye na wauguzi wenzake saba. (Mwaka uleule wa 1930 Mswisi Walter Mittelholzer aliruka na ndege yake juu ya Kibo, naye ndiye wa kwanza kufanya hivyo.) Basi mwone, wasomaji: mwanzo wa kazi hii haukuwa kumimina chai, bali ulikuwa ni uuguzi. Lakini wenye kampuni waliweka na masharti yao: asiwe ameolewa, asizidi miaka 25, asiwe mnene wala mrefu kupita kiasi. Kwa miaka mingi huko Marekani binti akiolewa alifukuzwa, na katika kampuni nyingine alipotimiza miaka 32 alifukuzwa vilevile, hata wanawake wenyewe wakapeleka mashauri yao mahakamani baada ya sheria ya mwaka 1964, na masharti yale yakavunjwa moja moja.

Huku kwetu lilikuwako shirika la East African Airways, lililoanza kazi mwaka 1946 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilipokufa mwaka 1977 kila nchi ikajitengenezea lake, na letu likawa Air Tanzania, lililojiita kwa Kiingereza mabawa ya Kilimanjaro, ingawa alama yake ni twiga. Baadaye likaja Precision Air, lililoanzishwa na mwana wa Kilimanjaro, marehemu Michael Shirima. Mpwa wangu alianza katika ndege ndogo za safari za nchini. Sitalitaja shirika lake, wala lile la Ghuba alilolihamia mwaka 2018, kwa kuwa sitaki mtu adhani naliandikia mashtaka.

Siku moja alipokuwa nyumbani kwa likizo nilimwuliza, "Mwanangu, kazi yako hasa ni nini?" Akacheka, akasema, "Mjomba, chakula ni kazi ya muda wa kungojea. Kazi yenyewe naomba Mungu isije." Nikamtaka anieleze.

Akaniambia kwamba milango ya ndege kubwa huwa imefungwa pamoja na mtelezo wa mpira uliokunjwa. Abiria wakiisha kuingia na mlango kufungwa, mhudumu huutega mtelezo ule kama mtu ategavyo mtego, hata mlango ukifunguliwa kwa dharura, mtelezo hujaa hewa wenyewe kwa sekunde chache na kushuka mpaka chini. Ndege ikifika salama imempasa kuutegua kabla mlango haujafunguliwa. Akisahau, mtelezo hulipuka nje, na aliye karibu yake aweza kuumizwa. Ndiyo sababu husikika wakiambiana maneno kwa simu ya ndani, na kila mmoja huenda kutazama mlango wa mwenziwe. Hakuna anayeaminiwa peke yake, hata mwenye miaka ishirini kazini.

Tena kila aina ya ndege ina milango yake na namna yake. Aliyejifunza Bombardier Q400, ile yenye viti 76 tuionayo KIA, hawezi kuhamia Airbus au Boeing mpaka asome upya na kufanya mtihani. Na kila mwaka hurudishwa darasani. Hufundishwa kuzima moto, kumrudishia pumzi mtu aliyezimia, kumsaidia mwanamke aliyeshikwa na uchungu, kumfunga mikono mlevi anayepiga watu, na kuogelea. Hili la kuogelea lilimtoa jasho. Msichana wa Machame ameona maji ya mfereji na maji ya mtoni yafikayo magotini, ataogelea wapi? Alijifunza Dar es Salaam akiwa na miaka ishirini, pamoja na watoto wadogo, nao wakimcheka.

Kuna kanuni moja ambayo kazi yote yaitegemea. Mtengenezaji wa ndege haruhusiwi kuiuza mpaka aonyeshe kwamba watu wote, ndege ikiwa imejaa, waweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Sekunde tisini! Sisi baada ya ibada twachukua muda mrefu kuliko huo kufika mlangoni, na hatuna moto nyuma yetu. Kwa hiyo kwa kawaida huwekwa mhudumu mmoja kwa kila viti hamsini, asipungue. Ndege ya viti 76 huwa na wawili, na Boeing 787 ya Air Tanzania yenye viti 262 haiwezi kuruka na abiria wake wote pasipo sita. Hesabu hiyo imewekwa kwa ajili ya milango, si kwa ajili ya vikombe.

Tarehe 2 Januari 2024 huko Tokyo ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikitua iligongana na ndege nyingine njiani, ikawaka moto. Walikuwamo watu 379, na wahudumu walikuwa tisa. Katika milango minane ni mitatu tu iliyofaa, maana mingine ilikuwa na moto nje yake, na simu ya ndani ilikuwa imekufa. Wahudumu walipaza sauti, wakatazama nje kabla ya kufungua, wakawazuia watu wasichukue mizigo yao. Wote 379 walitoka hai, na rubani alitoka wa mwisho. Katika ile ndege nyingine, ya walinzi wa pwani, watano kati ya sita walikufa. Mpwa wangu asema katika chuo chao walionyeshwa habari hiyo mara nyingi, nao wakaambiwa waangalie hasa mikono ya abiria, kwamba haina mifuko.

Ya pili ni ya jirani zetu wa Komoro. Mwezi wa Novemba mwaka 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa na watu watatu iliishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu kabisa na ufuko wa Ngazija. Walikuwamo watu 175, wakafa 125. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watu ambao hawakuuawa na pigo la kuanguka: walikuwa wameyajaza hewa maboya yao wakingali ndani ya ndege, kwa hofu, ingawa waliambiwa wasifanye hivyo. Maji yalipoingia, maboya yakawapandisha mpaka darini, wakashindwa kuzama kidogo ili waufikie mlango. Tangu nilipoyasikia hayo, kila nisafiripo kwa ndege, jambo ambalo nimelifanya mara tatu tu maishani, husikiliza maneno ya yule binti asimamaye mbele na kuonyesha kwa mikono. Wengine husoma magazeti wakati ule. Naona ni utovu wa adabu, na tena ni upumbavu.

Ya tatu ni yetu wenyewe, wala haijakauka machozi. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43. Walikufa 19, na marubani wote wawili wakiwamo. Ishirini na wanne waliokolewa, na waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Picha ya mkia wa ndege ukisimama juu ya maji ilisambaa nchi nzima. Mpwa wangu alikuwa zamani amefanya kazi katika ndege za aina ile. Alinipigia simu usiku ule kutoka Ghuba, akasema, "Mjomba, mlango wa nyuma ule ninaoujua mimi. Naona mkono wangu uko juu yake." Kisha akanyamaza, nami sikuwa na neno la kumwambia, tukakaa hivyo na simu masikioni mpaka salio lake likaisha.

Na wazee wa mlimani hawajasahau jambo la tarehe 18 Mei 1955, siku ndege ya East African Airways itokayo Dar es Salaam kwenda Nairobi ilipoupiga mlima wetu huu katika mawingu. Watu wote 20 walikufa, abiria na wafanyakazi pamoja.

Sasa niseme juu ya mwili. Ndege kubwa huruka juu kiasi cha mita 10,000 au 12,000, yaani karibu mara mbili ya kimo cha Kibo, ambacho ni mita 5,895. Kule nje hakuna hewa ya kumtosha mtu. Mtu akikosa oksijeni huko akili humpotea kwa nusu dakika au dakika moja tu. Kwa hiyo hewa hushindiliwa ndani ya ndege. Lakini haishindiliwi mpaka ifanane na hewa ya pwani, kwa maana mwili wa ndege ungeumia; huachwa ifanane na hewa ya mlimani, mahali penye mita 1,800 hata 2,400. Sisi tutaelewa vema kuliko watu wengine: abiria wa Boeing 787 ni kama ameketi karibu na lango la Marangu, na wa ndege za zamani ni kama amepanda msituni kuelekea kibanda cha Mandara. Abiria ameketi. Mhudumu anasukuma kigari kizito huko Mandara, akipanda na kushuka katika njia nyembamba, maana ndege ikiwa bado yapaa sakafu yake ni mteremko. Migongo yao huharibika. Na hewa ile ni kavu mno, ngozi hupasuka na pua hutoka damu. Mhudumu mwenye mafua akipanda kazini, masikio humwuma kana kwamba yanachomwa sindano, na ngoma ya sikio yaweza kupasuka.

Liko na jambo la miali itokayo mbinguni, ambayo huku chini twakingwa nayo na unene wa hewa. Huko Ulaya sheria yaagiza wafanyakazi wa ndege wapimiwe kiasi wanachokipata mwaka hata mwaka. Na mwaka 2018 wataalamu wa Harvard walitangaza kwamba wahudumu wa Marekani waliowachunguza wamepatwa na saratani ya matiti na ya ngozi kuliko watu wengine, ingawa hawakuweza kusema kwa hakika ni kwa sababu ya miali, au ya kukosa usingizi, au ya yote mawili.

Kukosa usingizi ndiko wanakokulalamikia zaidi. Mwili una saa yake, na saa ile haihamishwi upesi kama ile ya mkononi. Mpwa wangu huondoka Ghuba usiku wa manane, hufika Amerika ya Kusini mchana, hulala siku moja katika hoteli yenye mapazia mazito, kisha hurudi. Ulaya sheria yakataza mhudumu asizidishe saa 100 za kuruka kwa siku 28, wala saa 900 kwa mwaka. Mtu wa shamba atasema, saa mia kwa mwezi ni kazi kidogo! Lakini hizo ni saa za kuruka tu. Hazihesabiwi saa za kufika mapema, za kungoja ndege iliyochelewa, za kukaa tayari nyumbani na sare imepigwa pasi kwa kuwa simu yaweza kulia. Na katika mashirika mengi fedha ya saa huanza kuhesabiwa ndege inapoanza kutembea. Wakati ule ambapo abiria wanaingia, wanagombania mahali pa mifuko, na mtoto anatapika, mhudumu anafanya kazi iliyo ngumu kuliko zote na fedha ile haijaanza. Mshahara wa kila mwezi upo, lakini ni mdogo. Wanaishi kwa saa.

Kwa habari ya pombe, jambo ambalo wazazi wengi wa nyumba za Kikristo huniuliza kwanza, nitasema nilivyoambiwa. Naam, huimimina. Lakini ni yeye pia mwenye kumnyima aliyelewa, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Wako wanaume ambao wakiisha kunywa mkono wao hupotea njia. Mpwa wangu asema alifundishwa kusimama wima, kusema "Hapana" kwa sauti ya kusikika na viti vya jirani, na kumwita mwenzake wa kiume au mkubwa wao. Mapatano ya Tokyo ya mwaka 1963 yampa rubani mamlaka ya kumfunga mtu mkorofi na kumkabidhi kwa polisi ndege itakapotua. Hata hivyo yeye hukumbuka, na mwenye mkono ule husahau. Nani basi ameaibika, binti au mwanamume yule? Barazani kwetu hulaumiwa binti.

Niliahidi kusema kweli, basi niseme na lile lililotuumiza.

Mwaka 2020 maradhi ya Korona yalipofunga viwanja vya ndege, alirudishwa nyumbani kama maelfu ya wenzake duniani. Alikaa Machame miezi mingi, akachuma kahawa, akamtunza bibi yake, ambaye ni mama yangu mimi. Bibi ndiye aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, kwa kuwa dada yangu alikuwa akifundisha mbali. Kule uwandani kulikuwa kimya, na mama alifurahi; akasema ndege zimekwenda kupumzika na mtoto amerudi. Mwaka 2022 aliitwa tena kazini akaenda.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Binti alikuwa São Paulo. Alipofungua simu yake baada ya kutua alikuta habari kumi na nne, na ya kwanza kuifungua ilikuwa ya mtu aliyedhani ameshajua, akimpa pole. Aliomba ruhusa. Akajibiwa kwamba ruhusa ya msiba ni kwa mzazi, mume, au mtoto. Bibi hayumo katika orodha. Nani angewaeleza watu wale kwamba kwetu huyo bibi ndiye mzazi? Tena hata ruhusa ingalikuwapo, ilimpasa kwanza kurudi na ndege ileile, kwa kuwa idadi ya wahudumu ikipungua ndege haiwezi kuondoka na abiria wake wote. Tulingoja siku nne. Siku ya tano wazee wakasema yatosha. Tulimzika mama kihambani, chini kidogo ya nyumba, na saa ileile mjukuu wake alikuwa akipita katikati ya viti, akiuliza watu kuku au samaki. Aniambia alitabasamu njia nzima. "Ndiyo sare ya mwisho kuvaliwa, mjomba, na ya kwanza kukaguliwa."

Wasomaji wa Uchagani wajua ni neno gani kwetu kutokuja mazikoni. Alipofika siku kumi baadaye, baadhi ya shangazi zake hawakumwitikia shikamoo. Alikwenda peke yake kaburini na jembe, akapalilia, akapanda masale kuzunguka, mpaka giza likaingia. Dada yangu alimpelekea chai huko huko.

Kwa hiyo yule mdogo aliposema naye anataka, nyumba iliwaka moto. Mjomba wa baba yake alisema shirika limemla mmoja, halitamla wa pili. Shemeji yangu, mtu wa hesabu, alisema ni fedha ya yule mkubwa iliyoezeka nyumba na kumsomesha huyu mdogo, na ni nani angeilipa ada ile? Yote mawili ni kweli, wala sikuona jinsi ya kuyaweka katika mzani mmoja. Mimi nilisema neno moja tu, na sasa nalirudia kwa wazazi wote: hati ya mapatano isomwe kabla ya kutiwa sahihi, isomwe na watu wawili, tena ukurasa kwa ukurasa. Mtu aulize: Ruhusa ya msiba ni kwa nani? Akiolewa itakuwaje? Akipata mimba itakuwaje? Akitaka kuacha kabla ya muda atadaiwa fedha ya mafunzo, nayo ni kiasi gani? Nyumba ya kampuni yamtaka arudi saa ngapi usiku? Haya si maswali ya watu wa kijijini. Mwezi wa Juni 2015 Shirika la Kazi la Kimataifa lenyewe liliamua kwamba masharti ya Qatar Airways juu ya wahudumu wenye mimba yalikuwa ya kuwabagua wanawake, na mwaka uleule kampuni ikatangaza kuyalegeza. Masharti ya namna hiyo yamebadilika kwa sababu watu waliyasoma, wakayasema.

Mpwa wangu mkubwa alikuwako siku ile. Tulidhani atamtetea mdogo wake, au atamkataza. Hakufanya lolote katika hayo. Alimwita mbele ya wazee akamwuliza, "Ukiwa umesimama mlangoni, na nje kuna moto, na watu mia wanakusukuma mgongoni wakitaka ufungue, utafanyaje?" Yule mdogo alifikiri kitambo, akajibu, "Sitafungua. Nitawapeleka mlango mwingine." "Na wakikupiga?" "Watanipiga." Mkubwa hakusema kitu, akaendelea kumenya ndizi za mtori. Nilimwona yule mjomba wa baba yao akimtazama yule mtoto kana kwamba hakuwahi kumwona.

Dada yangu, ambaye ndiye mama yao na ndiye mwenye neno, hajasema ndiyo wala hapana. Amesema atatoa neno lake kahawa ikiisha kuvunwa. Hata hivyo amempa mtoto nauli ya kushuka Moshi mjini kila Jumamosi kujifunza kuogelea katika bwawa la hoteli moja, na ada yake si ndogo. Na shirika moja la Ghuba lataka mwombaji, akisimama kwa vidole vya miguu, aufikishe mkono mahali palipo na urefu wa sentimita 212, kwa kuwa vifaa vya kuokolea huwekwa juu ya viti. Tumepapima penye mwimo wa mlango wangu, tukatia alama ya chokaa. Juzi alipita hapa na ndoo ya maji kichwani, akaitua, akajinyosha mpaka vidole vikatetemeka, akaipita alama kwa kadiri ya ukucha.